Mzee Pilipili na madoadoa yake

Katika vitabu vidogo sawa hiki tumezoea kusifu. Tunaandika kwamba wazee wetu walijua kazi, kwamba mikono yao ilikuwa na baraka, kisha tunafunga ukurasa na kila mutu anarudia kwake na furaha. Mimi sikatae sifa. Lakini mara nyingi tunasifu kitu chenye hatukuangalia. Ningependa leo tukamate kazi ya fundi mumoja, tuitie macho kabisa, tuseme fasi gani iko na nguvu na fasi gani inalegea, sawa vile tunafanya na shairi katika kalasi. Fundi mwenye nilichagua ni Pilipili Mulongoy. Alizaliwa katika mwaka wa 1914, akafa katika 2007, na jina yake ilijulikana kutoka Elisabethville ya zamani mpaka Lubumbashi ya leo kuwa jina ya mutu wa ndege na samaki.

Najua mutu ataniuliza: wewe mwalimu wa Sakania, unatafuta nini kwa fundi wa rangi wa Lubumbashi, mwenye hata hakukuwa Mulamba wala Mulala? Jibu langu linaanzia ku vibambazi vya nyumba zetu.

Wakati wa kipwa, kisha mavuno, tembeeni katika vijiji vyetu, mbali kidogo na barabara ya makamio. Mutaona wamama wanatengeneza upya nyumba zao. Kwanza wanapaka udongo kibambazi chote, wanalainisha na mukono. Kisha wanatafuta mpemba mweupe, udongo mwekundu, na weusi wa makaa yenye kusagwa. Na vidole ao na kitambaa wanachora mistari, pembe tatu, madoadoa, mara ua, mara ndege, na siku hizi hata gari. Mvua ya mwezi wa kumi na moja inakuja kuosha vyote. Mwaka wenye kufuata, mama ule ule anaanza tena. Hakuna mwenye kuandika jina chini. Mama wa vile akifanya hii kazi miaka makumi ine, hatuseme kwamba iko na upendo wa sanaa. Tunasema tu: mama ule iko na usafi.

Na si nyumba tu. Audrey Richards, mwanamuke Mwingereza mwenye alitazama chisungu kwa Wabemba katika 1931, upande wa kule ya mupaka wetu, na kuandika kitabu juu yake katika 1956, alieleza namna wamama walifinyanga vitu vya udongo, vile mbusa, na kuchora ku vibambazi vya nyumba ya mafundisho, halafu mbusa kubwa za udongo zenye walisumbukia masaa mengi zikavunjwa bila muda kupita. Yeye alishangaa. Wasomaji wetu wengi hawatashangaa, juu bibi zetu walifanya vile vile. Nacimbusa hakukuwa anafinyanga ili kitu kikae. Alikuwa anafinyanga ili mutoto aone, asikie maneno yake, na kitu kinakwisha kazi yake pale.

Njo pale fasi historia ya Pilipili inaanzia, hata kama yeye mwenyewe hakutoka kwetu. Katika 1926, kule Bukama, mutumishi wa Leta ya Beleji jina yake Georges Thiry aliona nyumba zenye kupakwa picha. Akauliza nani alizipaka. Wakamuonyesha Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Thiry akamupa karatasi na rangi za maji, yeye na muke wake Antoinette. Katika 1929 karatasi zile zilionyeshwa Bruxelles. Vibambazi vyenyewe vya Bukama viliisha na mvua, sawa vyetu. Kile chenye kilibakia ni kile chenye kilitoka. Hii ni neno ya kwanza ya uchungu katika mambo haya: tunajua Lubaki juu ya karatasi yenye kusafiri, hatujue hata jina moja ya wamama wenye walipaka mbele yake na kisha yake.

Miaka makumi mbili kupita, katika 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelieri Elisabethville, yenye watu waliita tu Le Hangar. Yeye alipenda kuipa cheo kikubwa, akademia ya art populaire, ni kusema sanaa ya watu. Mule ndani ndimo walitokea Pilipili, na Mwenze Kibwanga, na Bela, na wengine. Bela alikuwa mutumishi wake mwenyewe, mutu wa kutoka mbali, kabila ya Wasara kule Tchad, na alipaka na vidole, bila pinso. Mwenze, mwenye alizaliwa katika 1925 na kufa 1999, alipaka na mistari mifupi mifupi yenye kupangana, katika rangi za udongo. Inasemwa baba yake alikuwa fundi wa kusuka, na kweli, ukitazama tablo yake kwa karibu, unaona mukeka. Pilipili yeye alikamata madoadoa.

Romain-Desfossés alikuwa na sheria moja: kutofundisha. Alisema Mwafrika iko na sanaa ndani yake, kazi ya Muzungu ni kumuachilia tu, kumupa karatasi na rangi, asimuonyeshe namna ya Bulaya. Ile wakati ilikuwa neno ya heshima, tukilinganisha na wenye walisema mutu mweusi hana sanaa hata kidogo. Namupa haki yake. Lakini kama mwalimu, kila mara nikisoma neno ile, roho inakataa. Juu ya nini? Juu inageuza kazi kuwa damu. Kama Mwenze anapanga mistari sawa musukaji, si juu ya kuzaliwa mweusi. Ni juu alikulia karibu na mutu mwenye kusuka. Kama Pilipili anajua namna samaki anageuka ndani ya maji, inasemwa baba yake alikuwa muvuvi. Hiyo ni masomo. Ni masomo bila benchi na bila buletini, lakini ni masomo ya miaka mingi.

Na sisi wenyewe tulirithi neno ya Romain-Desfossés bila kujua. Mara ngapi tunasikia hapa Sakania: «ule mzee ni kipawa ya Mungu tu»? Tunaona tunamupa sifa kubwa. Lakini ukisema ni kipawa tu, hautahitaji kumulipa vizuri, kwa sababu hakununua kitu. Hautatuma mutoto ajifunze kwake, kwa sababu kipawa haifundishwe. Na siku atakufa, hautalia juu ya kazi, utalia juu ya mutu tu.

Sasa tuangalie tablo yenyewe.

Pilipili hapendi mbali. Katika kazi zake karibu zote hakuna mulima kule nyuma, hakuna njia yenye kupotea, hakuna mbingu juu na inchi chini. Nyama na majani vinasimama mbele yetu sawa ku kibambazi. Ndege, samaki, nyoka, mamba, kanga, swala: kila mumoja anaonyeshwa kwa upande wenye unamutambulisha haraka. Samaki anaonyeshwa ubavu, magamba yote yenye kuhesabika. Ndege anaonyesha mabawa na manyoya, unyoya kwa unyoya. Majani yanapanda sawa nywele. Mutu wa Adamu anapatikana kwa shida sana. Na katikati ya hivi vyote, fasi yenye wachoraji wengine wanaacha wazi ao wanapitisha rangi moja na pinso kubwa, yeye anajaza na madoadoa, ao na alama ndogo zenye kupindama sawa vírgula, mamia na mamia, zenye kufuatana bila kugusana.

Watu wengi wakisimama mbele ya Pilipili wanasema: angalia ndege mzuri. Mimi nasema angalia nyuma ya ndege. Ndege anaweza kuchorwa na mutu mwingine mwenye mukono mwepesi. Lakini ile inchi ya madoadoa ndiyo inafanya tablo ipumue. Alama zikielekea upande mumoja, maji yanatembea. Zikizunguka mwili wa nyoka, nyoka anaonekana mwenye uzito. Rangi ya buluu ya nyuma haiko buluu moja. Ni buluu juu ya kijani, na njano kidogo katikati, na jicho lako njo linazichanganya. Hakuna fasi yenye imelala. Hii ni kazi ya fundi katika maana yenye sisi tunaijua: kurudilia kitendo kile kile mara elfu bila mukono kudanganya.

Nilitaka kuhakikisha hii kwa vitendo. Nilipeleka siku moja katika kalasi ya tano fotokopi ya rangi ya tablo moja ya mutindo wake: ndege iko juu ya kiota na mayai, nyoka anapanda ku muti. Nilikuwa nataka tu zoezi ya Kifaransa, kueleza picha. Kijana mumoja akanyoosha mukono: «Mwalimu, juu ya nini alipoteza wakati na hii madoadoa yote? Si angepaka tu?» Kalasi ikacheka. Nikaacha Kifaransa pembeni. Nikawaambia kila mutu akamate ukurasa mumoja wa kaye na bic, aujaze na alama ndogo zenye kulingana, zenye kufuata mwendo mumoja, bila kugusana. Kisha dakika kumi, kelele ikaanza. Kisha dakika makumi mbili, wengi walikuwa wamegeuza madoadoa kuwa mvua, alama zinarefuka, zinalala, zinapandana. Mukono ulichoka, na uchovu ulionekana ku karatasi. Msichana mumoja tu aliendelea polepole, kichwa chini, alama zake zinazunguka vizuri sawa mukeka. Nikamuuliza nani alimufundisha. Akajibu kwamba bibi yake anasuka mikeka, na yeye anamusaidia wakati wa likizo. Kijana wa ulizo hakusema kitu tena. Mimi pia nilinyamaza kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemupa msichana yule sifuri ku imla ya juma lile.

Tuendelee. Wazungu wengi wenye waliandika juu ya Hangar waliona ndani yake paradiso: Afrika ya mbele ya mashini, nyama katika amani. Na wasomi wetu wengine, kisha uhuru, walichukua neno ile ile wakaigeuza kuwa lawama: wakati watu wanateswa katika mashimo ya Union Minière, Pilipili anapaka samaki! Tukumbuke kwamba Elisabethville yenyewe, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, askari walipiga risasi juu ya wafanyakazi wenye kugoma, wengi wakafa. Hangar ilifunguliwa miaka mitano tu kisha hapo. Lawama haiko ya bure.

Lakini mimi naona wote wawili, wenye kusifu na wenye kulaumu, hawakutazama vizuri. Hesabuni katika tablo za Pilipili nani anakula na nani analiwa. Nyoka anakuja ku kiota. Ndege mukubwa anakamata samaki. Mamba iko na kinywa wazi. Samaki mukubwa anafuata mudogo. Mama ndege anafungua mabawa mbele ya adui, na sisi hatujue kama ataweza. Paradiso gani ile? Ni inchi yenye njaa, yenye kila mumoja anachunga mayai yake. Sitaki kufanya yule nyoka kuwa Mubeleji. Hiyo ni namna ya rahisi, na Pilipili hakuhitaji sisi tumusemeshe siasa. Mutoto wa muvuvi anajua tu kwamba mutoni kila kitu kinakula kingine. Lakini mwenye kusema ni picha za amani, arudie kutazama. Uzuri wa madoadoa unafunika ukali wa mambo, na hii ni nguvu yake kubwa: anatuvuta na rangi tamu mpaka karibu, halafu tunaona meno.

Mwenze, kwa maoni yangu, ni mukali zaidi kwa nje. Mistari yake inakatana, watu wake wanakimbia, wanawinda, kila kitu kinavutana. Watu wengine wanamupenda kupita Pilipili juu ya ile. Mimi nabakia na Pilipili, juu yeye anaficha.

Sasa tuseme kasoro, maana niliahidi.

Kasoro ya kwanza ni kurudilia. Ninasema hii na uangalifu, kwa sababu nimekwisha kusema kwamba kurudilia ni roho ya kazi ya mukono. Lakini kuna kurudilia kwenye kutafuta na kurudilia kwenye kuuzisha. Mama mwenye kupaka kibambazi kila mwaka anarudilia mutindo wake, lakini kibambazi kimebadilika, kuna ufa mupya, mulango umehamishwa, mutoto amezaliwa. Mukono unalazimishwa kufikiri. Karatasi yenyewe iko sawa kila siku. Na muzungu mwenye kununua anataka kile kile chenye rafiki yake alinunua mwaka jana. Kwa hiyo, pembeni ya tablo zenye nguvu za miaka ya Hangar, kuna zingine zenye ndege amekuwa tu alama ya duka: mabawa yamegawanyika sawasawa kushoto na kuume, jani hapa, jani pale, madoadoa yamelegea sawa ya wanafunzi wangu kisha dakika makumi mbili. Tena kuna kazi nyingi sana za wafuasi, wenye walikamata ndege na samaki lakini hawakukamata subira. Ukiona tablo ya mutindo ule yenye nyama imechorwa kwa uangalifu na nyuma yake imejazwa haraka haraka, ujue mwenye kuifanya alifikiri sawa yule kijana wa kalasi: kwamba madoadoa ni kupoteza wakati.

Kasoro ya pili haiko yake peke yake. Ni kwamba kazi hii haikuingia katika nyumba zetu. Fikirini salon za wazazi wetu katika miaka ya 70. Ni tablo gani ilitundikwa juu ya kiti? Haikuwa Pilipili. Ilikuwa mamba muntu, ule mwanamuke mwenye nusu samaki, na nywele ndefu na saa ku mukono. Ilikuwa Colonie belge, na mufungwa mwenye kupigwa fimbo. Ilikuwa Lumumba. Mafundi wa tablo zile, sawa Tshibumba Kanda Matulu, walipaka juu ya nguo ya mifuko ya unga na kuuzisha kwa wafanyakazi, nyumba kwa nyumba, kwa bei ya mufanyakazi. Katika 1973 na 1974 Tshibumba alipaka historia yote ya inchi, karibu tablo mia, kwa ajili ya mwalimu Johannes Fabian, mwenye aliitosha katika kitabu mwaka wa 1996. Kwa ufundi wa mukono, Tshibumba hafike kwa Pilipili. Mistari yake ni ya haraka, nyuso zinafanana. Lakini watu walijua anasema nini, walibishana mbele ya tablo zake, walilia. Mbele ya Pilipili wazazi wetu wangesema: ni nzuri, ni ya Wazungu.

Nani alikosa hapa? Zamani nilifikiri Pilipili alikosa: aliuzisha kwa wenye mali, akasahau ndugu. Leo nafikiri vingine. Mwenye kupenda kazi yake anaifanya kwa mwenye anasimama kuiangalia. Romain-Desfossés alikufa katika 1954, na Hangar ikaisha naye. Wanafunzi wake wengine waliingia katika akademia yenye Laurent Moonens alikuwa amefungua Elisabethville katika 1951, na Pilipili na Mwenze wakafundisha pale. Angalieni ajabu: mafundi wenye ilisemwa hawahitaji kufundishwa, waliitwa kufundisha wengine. Pilipili aliishi miaka 53 kisha kufa kwa Hangar. Aliona uhuru, Katanga ya Tshombe, Zaïre, vita, kuanguka kwa Gécamines. Mufungo wenye ulimuzaa ulikwisha kusahauliwa na wenye waliufungua, na yeye alikuwa bado mutu wa Lubumbashi, muzee mwenye miaka 80, miaka 90, katika muji wenye watu wengi walipita karibu bila kujua nani yule. Kisha kufa kwake, katika 2015, Paris ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, Beauté Congo, ku Fondation Cartier. Walianza na Lubaki wa 1926, na Pilipili alikuwa mule ndani. Sisi tuliisikia ku radio.

Ninaandika hii pia juu ya wazee wa hapa kwetu. Sakania ni muji wa reli. Reli ilifika hapa katika 1909, kutoka upande wa Waingereza, mbele hata ya kufika Elisabethville katika 1910. Kutoka ile wakati, wanaume wetu wengi walizeekea ku reli, ku duane, ao kule ngambo katika mashimo ya Copperbelt. Wakipumzika kazi, mukono haujue kupumzika. Muzee anakaa chini ya muembe na kisu: anachonga mwiko, kiti kidogo, mupini wa jembe wenye kichwa cha ndege. Mwingine anapinda waya pamoja na wajukuu, anatengeneza galimoto, kamio yenye kugeuka magurudumu yake, usukani murefu wa kushikia, na mukokoteni wa nyuma, sawa zile zenye kupanga mustari ku Kasumbalesa. Tukipita tunasema: muzee anapitisha wakati. Wageni wanaita ile art populaire na kuinunua. Sisi tunaiita kupitisha wakati.

Lakini ukikaa naye saa moja, utaona hapitishe wakati hata kidogo. Anakataa waya yenye kutu. Anafungua kile chenye alifunga jana, kwa sababu gurudumu linalemea upande wa kushoto. Anamukatalia mujukuu kukaza na meno. Kuna sheria, kuna kipimo, kuna haya ya kazi mubaya. Tena kuna mambo yenye haiko nzuri, na inafaa tumuambie. Miongoni mwa viti vyenye naona vinauzishwa karibu na gare, kuna vingi vyenye vimepakwa vernis nyingi sana ili kumufurahisha mupita njia, na miguu haijaingizwa vizuri katika ubao. Kumuambia fundi hivi si kumuzarau. Mutu mwenye tunamuambia tu «nzuri, muzee, nzuri» ni mutu mwenye hatukuangalia kazi yake.

Chama chetu kiliniomba kusema pia nini tufanye. Kwa kweli sina mpango mukubwa. Wengine wanataka nyumba ya makumbusho hapa Sakania. Mimi naogopa nyumba yenye kufuli, kwa sababu najua ufunguo unapoteaga. Ningeanza na kitu kidogo: wakati wa kipwa, mutu mwenye aparei ya foto apite katika vijiji, apige vibambazi mbele ya mvua, na chini ya kila foto aandike jina ya mama mwenye alipaka, jina kamili, na mwaka. Kama Thiry angefanya vile ku nyumba zote za Bukama, leo tungekuwa na majina makumi. Na mwenye kupiga foto amuulize mama ule si tu «hii ni nini?», lakini pia: «hapa ulikosa fasi gani?» Wamama wanajua kabisa. Nilijaribu kwa mumoja. Alinionyesha haraka pembe tatu moja karibu na dirisha, akasema mutoto alilia na akaiacha ikauka mbele ya kuimaliza, na kwamba jirani wote waliona lakini walinyamaza kwa adabu.

Ukurasa wa yule msichana wa kalasi ya tano nilimuomba, akaniachia. Niko nao ndani ya buku yangu ya matayarisho. Alama zinazunguka kutoka katikati mpaka pembeni, zenye kulingana, isipokuwa chini kuume, fasi sawa ya vidole viwili, kengele ililia mbele hajajaza.